Mtoto ameshindwa, au shule imeshindwa?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi waliohama, viongozi wa kambi na wazee wa mitaa, Kalemie, jimbo la Tanganyika



Mulinialika niseme juu ya shule na amani. Ningeweza kuwasomea ripoti, lakini ninyi munajua ripoti: inaandikwa, inapelekwa, na mtoto anabaki nyumbani. Kwa hiyo nitaanza na habari ya rafiki yangu mmoja. Jina lake nitalificha. Sehemu moja ya habari hii inanipa haya mpaka leo.

Nilianza shule ya msingi mwaka 1995. Baba yangu alikuwa akibeba mizigo bandarini; siku meli haikuja, sufuria ilikaa bila moto. Ndani ya kalasi yetu alikuwamo mtoto mmoja wa Batwa. Mwalimu alimketisha kwenye benchi ya nyuma, peke yake, sababu hakuna aliyekubali kuketi naye. Tulisema ananuka moshi. Mimi pia nilisema. Na mama zetu wote walipikia kuni. Sisi wote tulinuka moshi.

Mtoto yule alijua kuhesabu kuliko mimi. Tulipotumwa sokoni, yeye ndiye aliyejua kama muuzaji ametupunja. Lakini tulipofika kalasi ya tatu, Kifaransa kilianza kuchukua masomo yote. Siku moja mwalimu alimwuliza hesabu kwa Kifaransa, naye akajibu kwa lugha ya nyumbani kwao. Jibu lilikuwa sawa. Kalasi nzima tukacheka, na mwalimu akacheka pamoja nasi. Tangu siku ile hakuinua mkono tena.

Kiisha yakaja mambo ya minervali na prime. Asubuhi moja tulisomewa majina, tukatolewa nje, mimi na yeye na wengine. Tulirudi njia moja. Baba yangu aliuza redio yake, na baada ya wiki mbili nikarudi kalasini. Rafiki yangu hakurudi. Hakuna mtu aliyekwenda kwao kuuliza, si mwalimu, si komite ya wazazi, si mimi niliyejua nyumba yao.

Tulionana tena mwaka 2017. Vita ya kule ndani ilikuwa imeleta watu wengi hapa Kalemie, na mimi nilikuwa nikiandika majina ya jamaa katika kambi moja. Mwanaume mmoja aliniita kwa jina langu la utoto. Alikuwa na jetoni mkononi, akaniomba nimsomee namba iliyoandikwa juu yake. Nilimsomea. Kiisha nikaandika jina lake kwenye orodha, naye akatia kidole kwenye wino.

Wazee wangu, watu wawili walitolewa kalasini siku moja. Mmoja anashika orodha, mwingine anatia kidole. Mimi sikumzidi akili. Nilimzidi redio.

Tumfuate mtoto mmoja mwaka mzima

Tuache ya zamani, tuangalie ya sasa. Tumfuate binti mmoja wa miaka tisa kutoka Septemba mpaka siku ya proklamasio. Anaweza kuwa wa Batwa, anaweza kuwa Muluba aliyekimbia kijiji chake, anaweza kuwa mtoto wa mtu anayefyatua matofali hapa mjini. Katika kambi zenu wako wengi.

Septemba anakwenda kuandikishwa. Sheria iko upande wake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Mwaka 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo kwa inchi nzima, na watoto wengi sana waliokuwa nyumbani waliingia shule. Hilo ni jambo jema, na tusikubali mtu aliseme vibaya. Lakini mlango ulifunguliwa bila kuongeza viti. Kalasi zilijaa. Walimu wengi, wale wanaoitwa N.U., walikuwa hawajaingia kwenye orodha ya mshahara. Mwalimu asiyelipwa naye ana watoto, naye anakula. Kwa hiyo mzazi anasikia kwenye redio kwamba shule ni bure, na akifika anaombwa mchango wa hili na wa lile, na inifomu, na kaye, na biki. Mwenye pesa analipa bila kusema neno. Asiye na pesa anaona haya, anarudi nyumbani na mtoto wake.

Ni vizuri tujue jambo hili lilitoka wapi. Mwanzo wa miaka ya 1990, uchumi wa inchi ulipoanguka, mishahara ya walimu ilikosa thamani, na migomo ikafunga shule. Wazazi walikubali kuchangia ili kalasi zifunguliwe tena. Ilisemwa ni kwa muda mfupi, na muda ule mfupi ukapita miaka 25. Mtoto aliyezaliwa wakati ule amekuwa mzazi bila kuona shule isiyodai pesa. Ndiyo maana watu wengi wanaona ni desturi, kama vile mvua na jua. Lakini ni mpango uliowekwa na watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Turudi kwa binti yetu. Direktere anauliza: buletini ya mwaka jana iko wapi? Iliungua pamoja na nyumba. Cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Hakijawahi kuwako. Basi anawekwa kalasi ya kwanza, pamoja na watoto wa miaka sita, hata kama kule kijijini alikuwa amefika ya tatu. Anaketi, magoti yake yanapita benchi, na wadogo wanamwita mama. Wiki chache tu, anaanza kusema kwamba kichwa kinamwuma asubuhi.

Mvua inanyesha, na kazi ya mashamba inaanza. Mama yake anakwenda kulima shamba la mtu mwingine kwa malipo ya siku. Nani abaki na mtoto mchanga? Ni yeye. Kama ni jamaa ya Batwa, kuna wakati wa viwavi na wakati wa asali, na jamaa nzima inaingia porini kwa wiki kadhaa. Sisi tunasema: hawa hawapendi masomo. Lakini chakula cha mwaka kinatoka kule porini. Mtoto wa mfanyakazi wa biro anapata likizo wakati wazazi wake wanaweza kupumzika. Huyu, kalenda ya shule haikumwuliza kitu. Mwalimu anaandika: hayupo, hayupo, hayupo. Mwisho anapiga mstari juu ya jina.

Tuseme binti huyu ni hodari, amerudi. Sasa anakutana na lugha. Kule Manono, Kabalo na Nyunzu watoto wengi wanafika shule wakijua Kiluba au lugha nyingine ya nyumbani. Hata Kiswahili ni lugha wanayojifunza. Kiisha Kifaransa kinakuja juu yake. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, lakini inakubali vilevile lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia. Kwa hiyo mwalimu anayefafanua hesabu kwa Kiluba au kwa Kiswahili mpaka mtoto aelewe havunji sheria yoyote. Lakini wako walimu wanaompiga adabu mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Mtoto wa mtu aliyesoma anasikia Kifaransa nyumbani, kwenye redio na televizio. Huyu anakisikia kalasini peke yake, kwenye benchi ya nyuma, katikati ya makelele. Wote wawili wanafanya ekzame moja, na tunasema wamepimwa sawasawa.

Na kuna dharau. Dharau haiandikwi kwenye ripoti, sababu haina risiti. Mtoto wa kambi anaitwa mkimbizi. Mtoto wa Batwa anaitwa jina ambalo sitalitaja mbele ya wazee. Kaye yake ikipotea, ni mzembe. Kaye ya mwingine ikipotea, imeibwa, na wa kwanza kuangaliwa mfukoni ni yeye. Akikosa, wanasema kabila lake ndivyo lilivyo. Akifaulu, wanashangaa. Mtoto anasikia maneno hayo kila siku, na mwisho anayaamini. Hapo hata ukimlipia kila kitu hatarudi.

Ndipo siku ya proklamasio inafika. Tunavaa nguo nzuri, tunaketi chini ya mti, asilimia zinasomwa kwa sauti. Jina la binti yetu linasomwa mwishoni, au halisomwi kabisa. Buletini inaandika: ameshindwa.

Nilianza kufikiri vingine juu ya neno hilo kwa sababu ya rafiki yangu yule yule. Siku moja aliniletea buletini ya binti yake nimsomee. Nilisoma alama zote: hesabu, Kifaransa, mwenendo. Alikaa kimya, kiisha akauliza: "Hii ni ya mtoto. Ya mwalimu na ya direktere iko wapi, nayo unisomee?" Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Kwa nini hili ni jambo la amani

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya shule, waachieni walimu, sisi tuko hapa kwa ajili ya amani. Mimi nawaambia si mambo mawili.

Vita kati ya Batwa na Baluba ilianza mwaka 2013, ikawa kali sana mwaka 2016 na 2017. Pande zote mbili zilizika watu. Pande zote mbili zilipoteza nyumba, mbegu na wanyama, na shule nyingi ziliharibiwa. Munakumbuka hapa Kalemie: kuna jamaa zilizolala ndani ya vyumba vya kalasi, zikatoka asubuhi ili watoto wa mtaa wasome, zikarudi jioni. Siwezi kusema shule ndiyo iliyoleta vita ile. Kulikuwa na mambo ya ardhi, ya kazi isiyolipwa vizuri, ya nani anaweza kuwa shefu wa kijiji na nani hawezi. Lakini jiulizeni: watu wasioketi benchi moja wakiwa na miaka saba, wataketi wapi pamoja wakiwa na miaka ishirini? Vijana waliobeba mishale na mapanga, Batwa kwa Bantu, wengi wao walikuwa wametoka shule zamani, au hawakuingia hata siku moja. Kijana mwenye diplome anaweza naye kufanya ubaya, hilo tumeliona katika inchi hii. Lakini kijana asiyejua kusoma anasomewa habari na mwingine, na anayemsomea anaweza kumsomea anachotaka.

Na shule inafundisha hata pale isipofundisha. Mtoto wa Muluba aliyekua akimwona Mutwa nyuma ya kalasi kila siku alijifunza somo moja kwa miaka sita: kwamba huyo mahali pake ni nyuma. Hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni, na hakuna mtoto aliyelisahau. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa somo hilo. Ninaandika miradi ya amani, lakini ilinichukua miaka mingi kuona kwamba nilianza vita yangu ndogo kwenye benchi.

Kosa letu sisi wa mashirika

Sasa nisiwahukumu walimu na wazazi peke yao. Sisi wa mashirika pia tuna kosa, na nitasema la kwangu.

Katika kijiji kimoja tulileta mifuko ya shule, na ndani yake kaye, biki na inifomu. Mradi ulisema ni kwa watoto wa Batwa. Tulipiga picha, tukaondoka. Baada ya siku chache watoto wale walirudi nyumbani mikono mitupu; njiani walikuwa wamenyang'anywa, na wawili walipigwa. Nilirudi kule na hasira, nikitafuta wenye kosa. Mzee mmoja Muluba alinichukua mpaka nyumbani kwake, akanionyesha mjukuu wake, miguu bila viatu, kaye moja kwa masomo yote. Akaniambia: "Mwanangu, umaskini wa huyu haukutosha kuandikwa?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumeongeza ukuta kwa mali iliyotoka mbali. Tangu siku ile ninashika mambo mawili pamoja, na ninawaomba ninyi pia muyashike pamoja. La kwanza: msaada wa vitu ufuate uhitaji, na uhitaji huo uhesabiwe na watu wa kijiji, wa pande zote, mbele ya wote. La pili: tusijifiche nyuma ya neno "sisi wote ni maskini" ili tusiseme juu ya dharau. Mtoto wa mfyatua matofali na mtoto wa Mutwa wote wanakosa kaye, lakini ni mmoja tu anayekosa hata wa kuketi naye. Ukitibu njaa ya kaye na kuacha ile nyingine, umetibu nusu.

Buletini ya shule

Basi nimekuja na pendekezo. Lilitoka kwa rafiki yangu. Kila mwisho wa trimesta mtoto anapewa buletini. Ninaomba komite za wazazi, pamoja na viongozi wa kambi, waandike buletini moja nyingine, ya shule yenyewe. Si kwa kumshitaki mtu. Karatasi moja inatosha, na maulizo matano.

La kwanza: watoto wangapi waliandikwa Septemba, na wangapi bado wako? Muhesabu kwa makundi: wasichana, watoto wa kambi, watoto wa Batwa, watoto wa vibarua. Kama kumi walitoka na wanane kati yao ni wa kundi moja, basi jambo si uvivu wa mtoto mmoja mmoja.

La pili: nani anaketi wapi? Muingie kalasini, mutazame benchi ya mbele na ya nyuma. Katika shule moja niliyofika, direktere alikubali kila Jumatatu watoto wabadilishane nafasi, wa nyuma waje mbele. Haikuhitaji mradi wala franka moja. Wiki za kwanza kulikuwa na wazazi waliokuja kulalamika, naye aliwapokea mmoja mmoja, akawaambia benchi ni ya shule. Baadaye walizoea. Baadhi ya watoto waliokuwa wametoka walirudi, si wote.

La tatu: pesa gani inaombwa, kwa sababu gani, na imeandikwa wapi? Kila mchango ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, mtu asiyejua kusoma asomewe. Kama wazazi wamekubali kumsaidia mwalimu wa N.U. kwa mahindi, kwa mihogo au kwa siku moja ya kulima, ni vizuri, lakini iwe makubaliano ya mkutano. Na mtoto asitolewe kalasini kwa sababu ya mchango huo. Deni ni la mkubwa, aitwe mkubwa.

La ine: mtoto asipokuja siku tatu, nani anakwenda kwao? Jina la mtu huyo liandikwe. Anaweza kuwa mama mmoja wa kambi, au kijana wa mtaa. Kama jamaa imeingia porini au shambani, mwalimu ajue itarudi lini, na jina lisipigwe mstari. Nikiwaza rafiki yangu, ninaona kwamba pengine mtu mmoja mbele ya mlango wa baba yake angetosha.

La tano: nani yuko ndani ya komite ya wazazi? Kama shule ina watoto wa kambi na komite haina mzazi hata mmoja wa kambi, komite hiyo haijui shule yake. Vivyo hivyo kwa Batwa. Na asiwekwe mmoja kwa ajili ya picha, anyamaze mkutano wote. Apewe nafasi ya kusema kwa lugha anayoijua.

Karatasi hiyo isomwe siku ya proklamasio, pale pale chini ya mti, kabla ya asilimia za watoto. Shule nyingi za serikali katika inchi yetu zinaongozwa na makanisa, kwa mapatano yaliyofanywa na serikali mwaka 1977. Kwa hiyo mukikwama kwa direktere, mujue kuna mratibu wa kanisa juu yake, na kuna ofisi ya elimu ya serikali. Muende wawili au watatu, na karatasi mkononi, kwa adabu. Mtu mmoja mwenye hasira anafukuzwa upesi. Watu watatu wenye hesabu wanapewa kiti.

Ya kufanya kuanzia kesho

Wazazi, nina neno moja la haraka juu ya vyeti. Sheria inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita siku hizo, inabidi kupitia tribinali, na njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Katika mkutano huu ninaona wamama wenye watoto wachanga mgongoni. Hesabuni siku zenu leo. Na ninyi viongozi wa kambi, muwe na kaye ya kuandika waliozaliwa, ili musiwakumbuke siku ya 91.

Walimu wetu, mtoto aliyepoteza buletini mumpe ekzame ndogo ya kujua kiwango chake, badala ya kumrudisha kalasi ya kwanza. Alichojifunza hakikuungua pamoja na nyumba. Na akijibu sawa kwa lugha yake, mumwambie kwanza: umejibu sawa. Kifaransa chake kitakuja nyuma.

Viongozi wa Batwa, tangu tarehe 15 Julai 2022 iko sheria, namba 22/030, inayolinda na kuinua haki za watu wa asili, Pigme, katika inchi yetu. Muitaje munapokwenda kuongea na wakubwa. Lakini nisiwadanganye: sheria ya 2006 ilingoja mpaka 2019 ili ianze kuonekana kalasini. Sheria isiyo na watu wa kuidai inalala kwenye sanduku.

Na ninyi wazee wa Bantu, ninyi mulionilea, ninawaomba jambo gumu kuliko yote. Nyumbani, jioni, mtoto akirudi na kusema "sitaki kuketi na yule," musicheke. Baba yangu alikuwa mtu mwema, aliuza redio yake kwa ajili yangu, na sitamsahau kwa hilo. Lakini niliposimulia siku ile namna tulivyomcheka mwenzetu, yeye pia alicheka. Kama angeniambia neno moja tu, pengine kesho yake ningeketi nyuma.

Sisi wa shirika tutaleta karatasi na biki za kuandikia buletini ya shule, na tutarudi mwisho wa trimesta kusikia. Hatutaleta mifuko safari hii. Mkitaka kujua kama tumefanya tulichosema, muandike na buletini yetu, muisome mbele ya wote. Nitakuja kuketi na kuisikiliza.

Sasa ni zamu yenu kusema, na tuanze na walioketi nyuma.